Moto Wenye Haujafika Bado

Nilistaafu jana, nikiwa na miaka kumi na saba, na leo asubuhi nimeamka sina kazi ya kufanya. Mama alinikuta nimekaa kitandani, mikono juu ya magoti, akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu, "Hapana, Mama. Ni pensheni." Akanipa ufagio.

Nimeshafagia. Sasa naandika, kwa ajili yenu mnaobaki katika timu ya joto ya shule yetu, hasa ninyi wa darasa la tatu la sekondari mliopokea vipimajoto wiki hii mkavishika kama mayai. Mwalimu Salima, anayetufundisha fizikia na aliyeianzisha timu hii, ana sheria moja tu kuhusu umri: anayemaliza la sita anaondoka. Nimemaliza. Vyeo na mishahara sitaviongelea sana. Mshahara haukuwepo, na cheo nilipata kimoja, mtunza ufunguo wa kabati la vipimajoto. Kabati lenyewe halina mlango.

Kazi yetu, ukiieleza haraka haraka, inasikika kama uganga. Tunakadiria ni nyumba zipi hapa Kasongo zitakuwa na joto la kumdhuru mtu miaka ijayo, na hapohapo tunakiri kwamba hatujui miaka ijayo itakuwaje. Nilipomweleza Mama mara ya kwanza alisema, "Basi mufanye, lakini musimwambie imamu."

Nianze na siku ya kwanza. Nilikuwa la nne. Mwalimu Salima alinituma peke yangu kwa mfanyabiashara mmoja wa karibu na soko, nikaombe ruhusa ya kutundika kipimajoto chumbani kwake. Mnanijua: sauti yangu haifiki hata kwenye pua yangu mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikasema hodi. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, nikijisikia mkorofi. Jua likanipiga, kipimajoto mkononi kikapanda, mimi nikaendelea kunong'ona hodi kwa ule mlango mpaka Mwalimu mwenyewe akanifuata kuona nimepotelea wapi.

"Riziki, mwanangu," alisema huku akishika mbavu kwa kicheko, "hii nyumba itazeeka na kubomoka, wewe ungali unaomba hodi!"

Ndipo aliponipa Shabani. Shabani ni mwenzangu wa darasa, amekulia Nyangwe, na utoto wake wote aliita mitumbwi iliyokuwa ng'ambo ya Lualaba. Mtu aliyezoea kuongea na ng'ambo ya mto hawezi tena kuongea na mtu aliye kwenye kiti cha pili. Tukagawana kazi: mimi nasoma kipimo na kunong'ona, yeye anatangaza. Mwalimu alituita "radio na betri yake". Mimi ndiye betri.

Chombo chetu mmekiona. Kile kioo chembamba kina vijiti viwili vidogo ndani: kimoja kinabaki pale joto lilipofika juu kabisa, kingine pale liliposhuka chini kabisa. Ukikitundika asubuhi, ukarudi siku inayofuata, kinakusimulia nyumba ilifanya nini wakati wewe hukuwepo. Nakipenda. Hakitaki umsemeshe mtu.

Lakini mkitundike mbali na mbabula, lile jiko la makaa, tafadhali, na mbali na ukuta unaopigwa na jua, na mwambieni mwenye nyumba asikiguse. Halafu atakigusa. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikitia ndani ya mtungi wa maji ya kunywa. Tulipomuuliza sababu alisema, "Nilikiona kinapanda, kinapanda, nikakihurumia." Mwingine aliogopa wezi, akakificha chini ya godoro, na kesho yake kikasoma joto la kutisha. Shabani akamtangazia barabarani, "Mama, humu tumepima bwana yako!" Niliona aibu ya siku tatu. Yule mama hakuona aibu hata kidogo. Alisema amefurahi kujua bado ana moto.

Na hapo mshike neno hilo, moto, kwa sababu ndilo lililonipa kesi ngumu kuliko zote. Katika Kiswahili chetu neno moto linafanya kazi mbili. Unaopika chakula ni moto, na chakula chenyewe kiko moto, na hewa ya mchana iko moto, na kichwa cha mgonjwa kiko moto. Joto ni neno la vitabu na la radio. Mwalimu alitusihi tuseme joto. Mimi nilisema joto, lakini nani alinisikia?

Mwalimu alitufundisha kukadiria kwa kucheza. Alisema, "Nyumba iko na tabia kama mutu. Musinipimie leo peke yake, munipimie tabia." Maana yake tunapima kivulini nje, tunapima chumbani, na tunatazama nyumba inaongeza kiasi gani juu ya joto la nje, saa yake mbaya kabisa. Ile nyongeza ndiyo tabia. Kule Wamaza tulipokwenda kwa pikipiki, nyumba za nyasi hazikuongeza kitu. Mchana ule zililipunguza joto, na mwenye nyumba mmoja alituangalia tunavyoshangaa kama watu waliofika kugundua kwamba maji yanalowesha. Kule Lusangi, vibanda vya wachimbaji vilivyofunikwa turubai viliongeza mpaka Shabani alitoka nje bila kutangaza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Ukishajua tabia, inabaki kukisia miaka. Siku ile Mwalimu alisukuma meza yake pembeni, akatembea mbele ya darasa taratibu, mikono nyuma, akisalimia kila mtu. "Huyu ni mwaka mupole. Mvua inakuja siku yake." Akarudi na fimbo, akinguruma, akigonga madawati. "Huyu ni mwaka mukali. Mvua imechelewa." Halafu akapanda juu ya dawati, sketi na vyote, akaanza kucheza na kupiga kelele. "Na huyu ni mwaka wa wazimu!"

Tukapiga makofi. Shabani akauliza, "Mwalimu, ni yupi atakuja?"

"Sijui."

"Radio inajua?"

"Radio haijui. Mimi sijui. Mwenye atakuambia anajua, muangalie mikono, anataka kukuuzia kitu." Akashuka akipumua. "Wote watatu wako njiani, na yule wa mwisho ameanza kutembea mbio. Kwa hiyo unauliza nyumba: ukitembelewa na mupole utafanya nini, ukitembelewa na mukali, ukitembelewa na wazimu? Halafu unatafuta kitu cha kutengeneza ambacho hautakijutia hata mwaka mumoja kati ya hiyo."

Tangu siku ile nimebeba sentensi hiyo ya mwisho. Ila hakuna aliyeniambia jinsi ya kumwambia mtu aliye juu ya paa.

Kiangazi hiki, baada tu ya kumaliza mitihani ya serikali, dada yangu Mwayuma alikuwa na mimba kubwa, na hesabu za mkunga zilionyesha atajifungua mwisho wa kiangazi, kile kipindi ambacho mvua haijaanza na hewa inasimama. Mwayuma alikwisha kuzimia mara moja mwanzoni mwa mimba ile, akitwanga mihogo mchana. Mkunga akamwambia wazi: kila mchana alale mahali penye ubaridi, na asikae mbali na maternite, wodi ya wazazi. Vitu hivyo viwili havikukaa pamoja. Hapa Kasongo maternite iko, lakini nyumba mpya ya shemeji yangu Amuri ilikuwa ya mabati bila plafon, yaani bila dari. Kwa mkwe wa Mwayuma, mama yake Amuri, kule Wamaza, kuna nyumba ya nyasi yenye ubaridi wa raha, lakini ukianza uchungu usiku kule, unaanza na barabara. Ikabidi timu iseme: nyumba ya Amuri itafaa, au Mwayuma apakiwe kwenye pikipiki angali anaweza kukaa?

Sikulala vizuri wiki ile. Nilipenda kazi yangu, lakini sikuwa nimewahi kupima nyumba yenye dada yangu ndani.

Lazima niwaambie kuhusu Amuri na mabati yake. Amuri alikulia chini ya nyasi, akavujiwa na mvua utoto wote, na akajiapia kwamba mtoto wake atazaliwa chini ya tole, yaani mabati. Aliyabeba kutoka garini mwenyewe, moja moja, kichwani, akipita katikati ya soko ijapokuwa kuna njia fupi. Yalimeta kiasi kwamba ndege waliokuwa wanashuka walibadilisha mawazo. Tulipomwomba kutundika kipimajoto alisema, "Mupime, mupime! Muandike kwamba ni nyumba ya tole."

Tulipima siku kadhaa. Nyongeza yake ilikuwa mbaya kuliko nyumba yoyote mtaani. Mwaka mpole, mtu angelala kwa shida. Mwaka mkali, Mwayuma asingeweza kukaa humo mchana. Mwaka wa wazimu nilipoukisia, niliukisia mara ya pili, nikitumaini nimekosea. Mwalimu Salima akaangalia hesabu zangu na hakucheka, na kwake hiyo ni dalili mbaya.

Tukaenda kumwambia. Ilikuwa mchana, Amuri yuko juu ya paa anapigilia misumari ya mwisho, pa, pa, pa. Mwayuma amekaa chumbani kwenye kitanda, mlango wazi, akijipepea na kifuniko cha sufuria. Mwalimu alikuwa bado anasalimiana na majirani kwa mbali, akituambia tumsubiri.

Amuri akatuona. "Eh, shemeji! Munasema nini? Nyumba iko muzuri, ndiyo ao hapana?"

Nikamnong'oneza Shabani. Nilisema hivi, naapa: "Mwambie tumsubiri Mwalimu, lakini kama mwaka utakuwa wa wazimu, nyumba iko na hatari kubwa ya joto."

Pa, pa, pa, nyundo inaendelea. Shabani akavuta pumzi ya kuita mtumbwi.

"SHEMEJI! NYUMBA YAKO IKO NA HATARI YA MOTO! MOTO MUKUBWA!"

Nyundo ikasimama. Kila kitu kikasimama. Halafu mtaa mzima ukainuka.

Sijaona watu wa Kasongo wakikimbia hivyo tangu nizaliwe. Mama Sifa, jirani mwenye mwili wake na miguu inayouma kila siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, aliruka ua wa miti akiwa na bidoni ya maji kila mkono. Vijana waliokuwa wanacheza mpira walikuja na mpira. Wawili walimnyanyua Mwayuma pamoja na kitanda chake, kama malkia, wakamweka barabarani, naye bado anajipepea na kile kifuniko akiuliza, "Ni nini? Ni nini?" Mtu alitoa cherehani. Mtu alitoa mbuzi, na mbuzi hakuwa wa Amuri. Na waliobaki wakaanza kurusha maji juu ya paa, beseni baada ya beseni, mengi yakimpata Amuri kifuani.

"Musimwange maji!" alilia. "Musimwange, ni tole mupya!"

"Moto iko wapi?" Mama Sifa alipiga kelele.

Shabani akanitazama. Nikamnong'oneza. Akatangaza: "Haiko bado!"

"Haiko bado?"

"Itakuja!"

"Itakuja lini, we mutoto?"

"Pengine mwaka huu! Pengine mwaka mwingine! Hatujui, Mama, inategemea mvua!"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka mabatini. Halafu Mama Sifa akaweka chini bidoni zake polepole. "Nimeruka ua," alisema. "Nimeruka ua na miguu hii, kwa sababu ya moto wenye haujafika bado."

Mtu mmoja akaanza kucheka, sijui nani, na ikaenea. Watu walikaa chini kwa kucheka. Mwayuma alicheka mpaka nikaogopa atazalia palepale barabarani. Mwalimu Salima alifika akikimbia, akapata maelezo vipande vipande, akalazimika kuushikilia ukuta. Amuri peke yake hakucheka. Alishuka ngazi akichuruzika, akatutazama mimi na Shabani kama madeni, akaingia ndani kuona nyumba yake imeharibika kiasi gani.

Hakutoka.

Tukasubiri. Mwalimu akaniambia niingie. Nikamkuta amesimama katikati ya chumba, uso juu, macho ameyafumba.

"Riziki," alisema kwa sauti ndogo, karibu ndogo kama yangu. "Ni ubaridi."

Nikatazama kipimajoto. Maji yalikuwa yameyapoza mabati, na joto la chumba lilikuwa limeanguka kuliko nilivyowahi kuliona likianguka mchana. Hatukuwa na akili ya kupanga jaribio kama lile, na hata tungekuwa nayo, nani angetupa maji yote yale? Nikamwonyesha Amuri. Nilimweleza mwenyewe, bila Shabani, kwamba jua lilikuwa linapika mabati, na mabati yanampika Mwayuma.

Alikigusa kile kioo kwa kidole. Halafu akatoka mlangoni akatangazia watu, kwa matumaini makubwa, "Basi mutakuja kumwanga maji kila siku!"

"Aka!" alisema Mama Sifa. "Kamwange mwenyewe, bwana. Chemchemi iko kule chini."

Hapo Mwalimu ndipo alipomweleza lile tulilokuja kulisema. Plafon ya mianzi na mikeka chini ya mabati, nafasi wazi chini ya paa pande mbili ili upepo upite, na baraza refu upande wa magharibi ili jua la jioni lisiguse ukuta. Mwaka mpole ukija, atakuwa na nyumba nzuri. Mkali ukija, Mwayuma atalala. Wa wazimu ukija, hatuahidi raha, lakini nyumba haitakuwa tanuru.

Amuri aliumia, niliona. "Mwalimu, mimi nimetoka kwenye majani. Nimeweka tole ili nitoke. Sasa unanirudishia kijiji ndani?"

Kabla Mwalimu hajajibu, Mwayuma alijibu kutoka kitandani kwake, katikati ya barabara. "Baba Fulani," alimwita hivyo kwa sababu mtoto hakuwa na jina bado, "mimi nitalala ndani ya nyumba. Sitalala juu ya paa. Tole yako utaiangalia ukiwa inje, wewe na wapitaji. Ndani ni kwangu. Ao nipandishe pikipiki sasa hivi, niende kuzalia Wamaza."

Watu wakasema "Eeeh!" Amuri akaangalia mabati, akaangalia mkewe, akaangalia mbuzi asiye wake. "Mianzi inapatikana wapi?" aliuliza.

Na kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuja, umelowa na umechangamka, ikawa salongo bila kuitwa. Vijana walileta mianzi. Kina mama walisuka mikeka wakiimba kuhusu moto usiofika, wimbo uliotungwa palepale, na Shabani yumo katika kila ubeti. Mama Sifa alisimamia akiwa amekaa. Amuri mwenyewe alikata nafasi ya upepo, akinung'unika kwamba panya watashukuru. Tukaweka nyavu.

Ninyi wadogo zangu, mkimaliza kutoa ushauri, rudini kupima. Watu wengi wanatoa ushauri kisha wanakwenda kula. Tulipima tena plafon ilipokamilika. Nyumba bado iliongeza kidogo saa mbaya, siwezi kudanganya. Mwaka wa wazimu ningependa baraza liwe refu zaidi, na nimeshamwambia Amuri, na amejifanya hajasikia, na safari hii si kwa sababu ya sauti yangu.

Mwayuma hakwenda Wamaza. Mvua ilichelewa, ikachelewa tena, mpaka wazee wakaanza kutazama juu kwa hasira. Akajifungua maternite ya hapa, mtoto wa kike, mwenye makelele, na akarudi nyumbani katika joto lile lile tulilokuwa tunaliogopa.

Jana mchana nilikwenda kupima mara ya mwisho. Barabara ilikuwa tupu, mbwa wamelala chini ya pikipiki. Nikasukuma mlango na kidogo nimkanyage Mama Sifa. Alikuwa amelala sakafuni kwenye mkeka wake mwenyewe aliotoka nao kwake. Nyuma yake kulikuwa na wale vijana wa mpira, wamepangwa kama samaki sokoni, halafu mama wa kipimajoto cha mtungi, halafu watu ambao siwajui kabisa. Niliwaruka mmoja mmoja hadi kitandani. Mwayuma amelala mdomo wazi. Mtoto yuko ubavuni pake, ngumi mbili kichwani, amelala usingizi wa watu wasio na shida. Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa kavu. Nikamgusa tena, si kwa ajili ya kazi.

Nilipotoka nilimkuta Amuri amekaa kwenye baraza lake, kwenye ukanda wa kivuli uliokuwa umebaki, magoti yamekunjwa ili miguu isitokee juani.

"Shemeji," alisema, "mulipima joto. Mulipima upepo. Mulipima hata miaka yenye haijazaliwa. Watu, hamukuwapima?"

Nikamwambia hapana, hatukukisia.

"Basi," alisema, akisogea kunipa nafasi, "kaa hapa. Ndani kumejaa."